Mwenye Sonona Hangojwi Aite

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi. Najua foleni ya kupima presha imewachosha, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililonikaa moyoni.

Kuna mama alifika kliniki na mfuko wa dawa zake. Nikazimwaga mezani, nikahesabu. Vidonge vya mwezi mzima, vimepungua sita tu. Nikamwuliza kulikoni. Akajibu kwa sauti ndogo: "Mwanangu, naamka naviona, naviacha." Hakuwa mkaidi. Alikuwa na sonona, ile ambayo mtaani tunasema "fulani ana mawazo", tukaishia hapo.

Sonona haikai kichwani peke yake. Inakunyima usingizi, inaondoa hamu ya kula, mkono unakuwa mzito hata kwa kidonge. Na mwili unaoshinda na wasiwasi humwaga kotisoli, homoni inayopandisha sukari na presha. Ongeza upweke juu yake. Lisa Berkman na Leonard Syme walichunguza taarifa za watu wazima karibu 7,000 wa Alameda, California, waliofuatiliwa kwa miaka 9. Mwaka 1979 walitoa matokeo: wale waliokuwa na watu wachache kabisa wa karibu walikufa zaidi ya mara mbili ya wale waliozungukwa na watu. Tofauti ilibaki hata walipozingatia sigara, pombe na hali ya afya ya mwanzo.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 pale Mbare, Harare. Waliwekewa benchi nje ya kliniki. Washona wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ni "mawazo" yetu haya haya. Bibi anasikiliza kwanza, kisha anamsaidia mgonjwa achague tatizo moja la kuanza nalo. Anayezungumzia kujiua hupelekwa kwa wataalamu, maana bibi si mbadala wa hospitali. Utafiti wa 2016 uliwahusisha watu 573. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona walikuwa 14% kwa waliokaa benchini, na 50% kwa waliopata huduma ya kawaida.

Sasa sisi tunafanyaje? Tunamwambia mgonjwa, "Ukihitaji chochote, niambie." Jamani, sonona ndiyo inayomfunga mdomo! Simu haipokei, mlango haufungui, nasi tunasema anaringa. Tunampa kazi ya kuomba mtu asiye na nguvu ya kunawa uso.

Yule mama nilimpeleka kwa daktari wa afya ya akili. Vilevile nilimwomba ruhusa, nikazungumza na jirani yake. Jirani hakuuliza kinachohitajika. Kila asubuhi alikuja na kikombe cha uji, akakaa jamvini akichambua mchicha wake hadi kidonge kimezwe. Siku nyingine hawakusema hata neno.

Mwezi uliofuata mama alirudi. Presha ilikuwa bado juu kidogo, ila mfuko ulikuwa mtupu.