Bendera, Gereza, Leso: Nimefika Lagos ya Ureno

Assalaam aleikum, jamani, hamjambo nyote huko nyumbani? Hebu ngojeni nigeuze kamera. Mwakiona kile kibao? Kisomeni nami pole pole: Forte da Ponta da Bandeira. Bandeira! Ndiyo bendera yetu hiyo, ile tuliyokuwa tukiisimamia mstarini shuleni kila Jumatatu. Nimesimama hapa mlangoni nikilirudia neno hilo mpaka mlinzi amenitazama.

Niko Lagos. Si ile ya Nigeria, hii ni ya Ureno, mji mdogo wa bandari kusini kabisa mwa nchi, katika pwani inayoitwa Algarve. Huku ndiko watu wa Uingereza na Ujerumani hukimbilia jua. Mwaka wa tisa huu nalea wazee kule Leicester, na hakuna mzee niliyemhudumia ambaye hakunisimulia Algarve yake: hoteli, mchanga, dagaa wa kuchoma. Nikasema mwaka huu nami niende nikaione, lakini niione kwa jicho la mtu wa Mombasa.

Na jina lenyewe linaanza na sisi. Algarve ni al-Gharb, Kiarabu, upande wa magharibi. Mzizi wa neno hilo ndio uliotupa magharibi yetu. Waislamu walikaa pwani hii zaidi ya miaka 500, mpaka 1249. Mkifika, pandeni mji wa Silves mkaone ngome yao ya mawe mekundu.

Haya, tuingie ndani. Ngome hii ni ndogo, ya karne ya 17, ilijengwa kulinda mlango wa bandari. Ina handaki na daraja la kuinuliwa, na vibanda vya walinzi pembeni kama kofia za mawe. Nilipovuka tu, hiki hapa, mkono wa kushoto... angalieni. Kanisa dogo. La Mtakatifu Barbara, kuta zake zimepambwa vigae vya buluu na nyeupe. Kanisa ndani ya ngome. Kwa Kireno kanisa ni igreja. Itamkeni: igreja. Igereza. Gereza!

Nimezaliwa Kibokoni, chuo chetu cha Kurani kilikuwa hatua chache tu kutoka Fort Jesus. Marehemu babu hakuwahi kutamka hilo jina la Fort Jesus. Kwake palikuwa Gerezani, basi. Mimi nikidhani ni kwa sababu Waingereza walipafanya jela, kutoka 1895 hadi 1958. Kumbe neno lina umri mkubwa kuliko Waingereza. Wareno walianza kuijenga ngome yetu mwaka 1593, wakaweka kanisa ndani, na wenyeji wakalichukua jina la kanisa wakaliita jengo zima. Waomani wakaja kuwatoa mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Wareno wakaenda zao, neno likabaki mdomoni mwetu. Nimelisoma hilo zamani, lakini kulisoma ni kitu kimoja, na kusimama hapa ukinusa chokaa ya kanisa lenyewe ni kitu kingine kabisa.

Sasa twendeni Ponta da Piedade, maanake najua wengine mmefungua video hii kwa ajili ya mandhari, na haki yenu. Kutoka mjini ni mwendo wa miguu wa kama nusu saa na kitu. Juu kuna mnara wa taa wa mwaka 1913, kisha ngazi karibu 180 za kukuteremsha hadi majini. Tazameni hayo majabali! Rangi ya embe dodo lililoiva. Bahari imeyala kwa maelfu ya miaka, ikaacha matao, nguzo na mapango. Mwenye boti alituingiza katika pango moja, akazima mashine. Kimya. Maji chini yetu ya kijani, unaona mpaka mawe ya chini, na mwanga unacheza juu ya dari kama nuru ya kandili. Hakuna aliyesema neno mpaka tukatoka.

Kuoga ni shauri lako. Hii ni Atlantiki, baridi yake si ya Nyali. Mtu wa pwani anaingia magoti, anarudi kukaa juani. Na mkitaka pango la Benagil, lile lenye tundu juu linaloonekana kwenye kila picha, jueni tangu 2024 sheria hairuhusu tena kuogelea hadi ndani wala kushuka mchangani. Mtalitazama kutoka kwenye boti.

Mnaoniuliza habari za safari: ndege inatua Faro, halafu kuna treni hadi Lagos, mwendo wa karibu saa mbili. Njooni Mei au Juni. Julai na Agosti bei hupanda na watu hujaa. Na ndugu zangu mlioko Uingereza na pasipoti ya Kenya au Tanzania, kibali chenu cha kuishi hakiwaingizi Ureno. Lazima viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Anzeni mapema, mapema kweli. Mimi mwaka jana niliikosa kwa kungoja miadi tu, na tiketi nilikuwa nimeshakata.

Sasa nipo katika uwanja wa katikati ya mji. Huyo aliyeketi pale ni sanamu ya Mwanamfalme Henrique, aliyekuwa akituma merikebu kushuka pwani ya Afrika. Na lile jengo dogo la pembeni, lenye matao chini, ndilo Mercado de Escravos. Soko la watumwa.

Ndani sikurekodi. Nitawaeleza kwa mdomo.

Jengo lenyewe ni la karne ya 17, lakini habari inaanza tarehe 8 Agosti 1444. Siku hiyo merikebu ziliwashusha hapa Lagos watu 235 waliotekwa kwenye pwani ya Mauritania ya leo. Waligawanywa uwanjani, nje ya lango la mji, watu wakitazama. Mwandishi wa kumbukumbu wa mfalme aliiandika siku ile: baba huku, mtoto kule, mama wamewakumbatia watoto na kujilaza juu yao wasinyang'anywe. Mwanamfalme alikuwepo, juu ya farasi. Fungu lake lilikuwa moja kwa tano, watu 46. Huyo huyo wa sanamu.

Halafu mwaka 2009, walipokuwa wakichimba maegesho ya magari nje ya ukuta wa mji, wakakuta jaa la zamani, na ndani yake mifupa ya Waafrika zaidi ya 150. Watoto wamo. Baadhi walikuwa kama waliofungwa mikono. Wengi hawakuzikwa, walitupwa na taka. Juu yake leo magari yanaegeshwa, na watalii wanacheza gofu ndogo. Nimekwenda mpaka pale. Nimewasomea Fatiha, kwa sababu sijui walikuwa wa dini gani na sikuwa na kingine cha kuwapa.

Nasema hili nikijua kwamba nasi tuna Mkunazini, soko la Unguja lililofungwa 1873, na tuna pango la Shimoni. Pwani yetu nayo iliuza watu, na wengine kati ya waliouza ni jamaa zetu. Kwa hiyo sikuja kunyoosha kidole. Lakini ndani ya jumba lile tulikuwa watu wanne, na nje kwenye foleni ya aiskrimu walikuwa kama arobaini. Ukija Lagos, ingia. Kiingilio ni yuro chache, na nusu saa inatosha.

Asubuhi ya leo nilikwenda soko la samaki nijipe moyo. Pale kulikuwa na bibi mmoja anayeuza dagaa wakubwa wa huku, kichwani amejifunga kitambaa cha maua. Nikamwonyesha kwa kidole, akasema, lenço. Nikatoa leso yangu mkobani, hii hapa, ile mama aliyonipa uwanja wa ndege wa Moi, nikamwambia: leso. Akaishika, akaipapasa pindo kwa kidole gumba kama anayepima kitambaa dukani, akasema tena, lenço, nami nikamjibu, leso. Wazee wetu husimulia kuwa leso ilianza kwa kuunga vile vitambaa vya Wareno, sita sita, mpaka mwanamke akapata nguo ya kujifunga. Bibi akanitilia dagaa wawili wa juu. Hakuna lugha tuliyoelewana zaidi ya neno lile moja.

Na sasa, mnasikia upepo huu? Nimepanda basi, kama saa nzima, nimefika Sagres. Mbele yangu, kule kwenye mnara wa taa, ni Rasi ya São Vicente, pembe ya mwisho kabisa ya kusini magharibi mwa Ulaya bara. Wavuvi wamesimama ukingoni mwa jabali na mishipi mirefu, bahari iko chini mbali mno, na wanapandisha samaki kama changu mmoja mmoja hewani. Vasco da Gama alipita bahari hii mwaka 1497. Aprili ya mwaka uliofuata alikuwa Mombasa, na Mombasa haikumtaka. Malindi wakampokea, wakampa na rubani. Leso yangu hii imeandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone. Nimekaa juu ya jiwe naisoma, nawafikiria watu wa Malindi siku ile ufukweni.

Ni saa tatu kasoro za usiku na jua bado lipo, msishangae. Mama, najua huko ni saa tano kasoro na hujalala. Nimejifunga leso yako, sisikii baridi. Linazama sasa, ngoja nikugeuzie kamera ulione.