Methali Darasani: Mgaagaa na Upwa

Walimu wenzangu, wakuu wa shule na waratibu elimu kata, mwangaluka! Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie misemo ya busara katika kufundisha wema. Kuta za shule zetu hapa Mwanza, kuanzia Igogo mpaka Buswelu, hazina njaa ya misemo. "Elimu ni ufunguo wa maisha", rangi ya mafuta, herufi kubwa. Sasa muulize mtoto anayekaa chini ya maandishi hayo yamemfanya amtendee nini mwenzake jana. Atakukodolea macho, na simlaumu. Msemo unaosifu kitu haumtumi mtu popote.

Waliosoma enzi za TANU, chama tawala cha wakati ule, wanakumbuka zile ahadi za mwanachama. Ya kwanza ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja", lakini haikuishia hapo. Zilifuata "nitaitumikia nchi yangu", "nitajitolea", "sitapokea wala kutoa rushwa". Anayetamka ndiye anayejifunga. Wahenga nao walijua hilo: "Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani." Mtoto wa darasa la tatu anaweza kulitimiza leo, kabla ya kengele ya uji.

Ila si kila methali inafaa, na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Katika shule moja jirani na mwalo wa kushushia samaki kulikuwa na binti wa darasa la nne ambaye mama yake anaanika dagaa. Kila asubuhi alimsaidia mama kutandaza dagaa mchangani, kisha akakimbilia shule na harufu yake. Wenzake wakaziba pua. Dawati la watu watatu likabaki na mtu mmoja.

Methali inayotujia haraka ni "Hujafa hujaumbika". Walimu tunaipenda mno! Lakini isikilizeni kwa masikio ya yule binti. Mwalimu anaposema hivyo mbele ya darasa, anawaambia wote kwamba kazi ya mama yake ni balaa ambalo nao linaweza kuwapata. Wema wanaojifunza ni wa kujihami. Hata "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo" ni ya kundi hilo: muheshimu mtu kwa kuwa kesho utamhitaji.

Mwalimu wao hakumtaja mtu. Aliuliza tu nani kwao wamekula dagaa wiki hiyo. Mikono ikawa msitu. Akaandika ubaoni: "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Ni methali ya watu wa pwani, lakini hapa mwaloni imekaa kama imetungwa Kirumba. Akawaacha waifumbue wenyewe: nani anagaagaa, na nani anakula wali wenye kitoweo bila kugaagaa? Watoto wakaanza kutazamana. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Siku hiyo hakuna aliyehamia kwenye lile dawati. Baadaye msichana mmoja alihamia, baada ya dawati lake kuvunjika, kwa hiyo sitawadanganya kwamba ni methali iliyomhamisha. Kilichokoma mapema ni kuziba pua.

Jambo jingine: waacheni watoto wabishane na wahenga. Weka ubaoni "Tenda wema nenda zako", na chini yake "Shukrani ya punda ni mateke". Utasikia: "Mwalimu, nikiazima mtu penseli harudishi!" Hapo umepata somo, maana wema wenye hasara ndogo ndio wanaoujua. Usiwahi kuwapa jibu.

Waambieni pia walete misemo ya nyumbani, ya Kisukuma, Kikerewe, Kijita, waieleze kwa Kiswahili. Ya kwenye kanga ipitieni kwanza. Mingine imenunuliwa kwa ajili ya jirani.

Najua mtaniambia madarasa yamejaa na mtaala hausubiri. Dakika kumi za mwisho za kipindi cha Kiswahili, Ijumaa, zinatosha kwa methali moja. Zile za ukutani msizifute, rangi ni ghali. Haya, mwalimu pale nyuma, naona mkono umesimama muda mrefu. Karibu.