Seriamu: namna ya kuitoa elektroni ya nne

Haya wapenzi wa kemia, karibuni tena mezani kwangu. Leo ni zamu ya seriamu, hiyo iliyomo kwenye kijiwe cha kiberiti cha gesi kinachotoa cheche.

Ndugu zake wa kundi la metali liitwalo lanthanidi, wengi wakishatoa elektroni tatu wanaridhika. Hali ya oksidisho +3, basi. Seriamu hubakiwa na elektroni moja tu kwenye 4f, chumba cha ndani cha elektroni. Ukiibana inatoa na hiyo, chumba kinabaki kitupu, nayo inatulia kwenye +4.

Miwani, glavu. Twende.

Neli mbili: hii nitrati ya seriamu, ile ya lanthanamu, nduguye mmoja. Kwa macho zote ni maji tu. Tia sodiamu haidroksaidi, tikisa, mashapo meupe kama uji wa muhogo. Hapo hakuna anayeshindwa.

Sasa haidrojeni peroksaidi, ile ya asilimia 3 ya duka la dawa. Matone matatu kila neli. Tazameni... ngoja, mnaona kiwiko changu tu. Haya! Seriamu imekuwa chungwa, inaelekea kahawia. Lanthanamu je? Nyeupe vilevile, maana haina cha nne cha kutoa.

Neli ya seriamu iingie kwenye maji ya moto. Inatoa mapovu, inageuka njano. Hapa nisikilizeni: subiri mapovu yaishe. Yaishe kabisa! Siku moja niliharakisha, nikatia asidi ya nitriki ya kuyeyusha mashapo, peroksaidi ikiwa bado imo. Njano yote ikayeyuka ikawa kama maji ya bomba, wanafunzi wananitazama. Peroksaidi hiyohiyo, kwenye besi, kama hiyo sodiamu haidroksaidi, huinyang'anya seriamu elektroni. Kwenye asidi huirudishia. Kigeugeu mno. Kwa hiyo mimi natoka nje, nakunywa chai, nje lakini, narudi.

Bado kuna povu pale chini, mmeliona? Tunangoja.

Na asidi iwe ya nitriki. Ukitia haidrokloriki, seriamu ya +4 itaigeukia kloridi ya asidi hiyo na kuinyang'anya elektroni, na utavuta klorini puani. Si haidrokloriki, jamani.

Limeisha. Mwaga maji ya juu, suuza mara mbili, tia asidi tone kwa tone. Inayeyuka polepole... njano imebaki, safi kabisa!

Sasa kwa makusudi: peroksaidi, tone, la pili. Mapovu, na rangi hiyooo, imekwenda. Tumerudi +3.

Mabaki yasiende kwenye sinki, yana chupa yake hapa. Kifuniko kimeangukia wapi tena?