Anayebisha hodi mara ya tatu

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu zangu wanajumuiya, novena, yaani sala ya siku tisa, tuliyoianza Ijumaa Kuu tumeimaliza jana, na leo, Dominika ya Huruma ya Mungu, picha ya Yesu tunayoijua sote iko mbele yetu: miale miwili, damu na maji, na chini yake maneno "Yesu, nakutumainia". Mengi yameshasemwa juu ya picha hiyo. Mimi naomba leo tukakae langoni.

Mtakatifu Faustina, mtawa aliyeonyeshwa picha hiyo, tunamkumbuka kwa maono yake. Lakini muulizeni alikuwa akifanya kazi gani. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya kumi katika nyumba ya wakulima kule Poland, na shule aliisoma kwa miaka michache tu. Utawani alipika, akatunza bustani, na mwishoni, afya ikiwa imeshamwishia, akawekwa kulinda lango la nyumba yao Kraków. Alifariki mwaka 1938 akiwa na miaka 33. Huyo ndiye ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000.

Anasimulia katika shajara yake kwamba siku moja ya mvua na baridi alifika langoni kijana peku, kichwa wazi, anatetemeka, akaomba kitu cha moto. Jikoni hakukuta kitu cha kumpa maskini. Angeweza kurudi na kusema, "Hakuna." Akazidi kutafuta, akapata supu kidogo, akaipasha, akamegea mkate humo. Alipokuwa akilipokea bakuli kutoka kwa kijana ndipo akamtambua: alikuwa Bwana mwenyewe.

Kisa hicho kinapendwa sana. Lakini kuna jambo jingine aliloliandika ambalo mimi linanichoma zaidi. Maskini walewale walipokuja tena, aliwapokea kwa upole kuliko mara ya kwanza, wala hakuwaonyesha kwamba anawakumbuka, ili wasione aibu. Mwenzake wa langoni aliona hivyo sivyo, akawa anawafungia mlango.

Nawaambieni kwa nini linanichoma. Mwaka jana jirani yangu alikuja kuomba unga. Mara ya kwanza nikampa, mara ya pili nikampa. Ya tatu nikamwambia, mbele ya watoto wake, "Si juzi tu umechukua?" Nikampa na huo unga, ndugu zangu! Kibaba kamili. Lakini nilikuwa nimeshamvua nguo. Na saa tisa alasiri nikapiga magoti, nikasali Rozari ya Huruma kama kawaida.

Yesu alimfundisha Faustina njia tatu za kumhurumia jirani: tendo, neno, sala. Tendo limetajwa kwanza. Sisi wengi tumeanza na ya tatu, kwa sababu haigusi mfuko wala haitutoi kitini. Sala ni kubwa, na mgonjwa asiyeweza kuinuka anahurumia ulimwengu mzima kwa sala. Lakini mwenye miguu yake na akiba yake asijifiche humo.

Na neno! Hapo ndipo tunapoanguka kila siku. Dada wa kazi amevunja sahani. Mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa amechelewesha rejesho, na tunajua mume wake amelazwa. Deni ni deni, alipe, sibishi. Lakini je, ni lazima jina lake lisomwe kwa sauti ile, mbele ya watu wote? Mweke pembeni, muulize kuna nini nyumbani.

Mtaniuliza, na yule anayedanganya? Anayeomba nauli na kupitiliza kilabuni? Mpe chakula, usimpe pesa. Kukataa si dhambi. Faustina mwenyewe alimpa kijana yule alichoomba, kitu cha moto. Dharau ndiyo haina pa kukaa katika mkono unaotoa.

Ilinichukua majuma mawili kwenda kwa yule jirani. Kwaresima ilikuwa imeshaanza, nikaona siwezi kukaribia kitubio nikiwa nimempita yeye. Nilipiga hodi nikiwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Nikamkuta uani anachambua dagaa. Aliinua uso, akanitazama. Hakuniuliza nimefuata nini. Akasema, "Karibu, dada," akanisogezea kigoda.