Mtaalamu haji peke yake
(Mhadhara uliotolewa Ujiji, Kigoma)

Wazee wangu wa Ujiji, walimu wenzangu, na ninyi wanangu wa uuguzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, shikamooni na habari za jioni.

Nimefundisha uuguzi miaka 24. Kila darasa likihitimu naulizwa swali lile lile: "Mama, ni nchi gani inatuchukua?" Leo naomba tuulize lingine: ni nchi gani inajua kumpokea mtu? Kuchukuliwa na kupokewa ni mambo mawili.

Kanada ilianza kuwapima wahamiaji kwa alama mwaka 1967, na ndiyo iliyotangulia. Kabla ya hapo ulitazamwa kwanza umezaliwa wapi. Sasa wanahesabu umri, elimu, lugha na uzoefu, na katika mpango wao wa wafanyakazi wenye ujuzi unatakiwa ufikishe 67 kati ya 100 ndipo uingie kwenye ushindani. Kilichonigusa mimi ni kwamba mwenza wako akijua Kiingereza au Kifaransa vizuri, na yeye anakuongezea alama. Kwenye fomu ile mke au mume si mzigo.

Marekani wana mishahara na vyuo vikuu, kwa hiyo hawana haja ya kumbembeleza mtu. Viza yao ya wataalamu iitwayo H-1B ina nafasi 85,000 kwa mwaka kwa makampuni, na kwa miaka mingi waombaji walipozidi ilipigwa bahati nasibu. Mwenza wako anakaa nyumbani na shahada yake. Baadhi yao walianza kuruhusiwa kufanya kazi mwaka 2015 tu. Falme za Kiarabu hawakati kodi kwenye mshahara, na pesa unaiona. Lakini uraia ni nadra, na kuleta familia kunataka mshahara wa dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Uingereza, Machi 2024, iliwazuia watunza wazee wanaotoka nje kuja na wategemezi. Fikirini: mama anamlisha uji mzee wa watu huko Leeds, na mtoto wake analala kwa bibi Kasulu. Hilo linaniuma, siwezi kulisema kwa sauti ya kawaida.

Sasa Ujerumani. Tangu 2012 wana sheria inayompa mtu aliyesomea fani nje haki ya kupimiwa cheti chake, awe raia wa nchi yoyote, na nyaraka zikikamilika jibu linatakiwa litoke ndani ya miezi mitatu. Nesi bado atahangaika na Kijerumani, kwa kawaida hadi kiwango cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita za lugha, na hiyo si kazi ya mchezo. Ila anajua anasubiri nini.

Naeleza hivyo kwa sababu ya dada mmoja. Ni mkunga, kasomea Kongo ng'ambo ya ziwa hapo, kaolewa hapa Ujiji. Cheti chake cha Kifaransa anakitunza ndani ya kitenge, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Nilimsindikiza ofisi moja. Tukaambiwa tukitafsiri. Tukarudi na tafsiri, tukaambiwa iletwe barua ya chuo. Barua ikaja, aliyetuhudumia kahamishwa, faili halionekani. Leo anageuza dagaa Kibirizi juani, na mimi nina wanafunzi wanaokesha leba nesi mmoja kwa wazazi saba.

Sheria yetu ya ajira za wageni ya 2015 inatoa kibali cha miezi 24, kikihuishwa jumla isizidi miaka mitano, na mwajiri aonyeshe Mtanzania atakayerithi kazi ile. Sipingi. Watoto wetu nao wanataka kazi. Ila tusishangae mtaalamu akiishi kwetu kama abiria wa meli.

Mtasema Kigoma ni mbali. Manitoba, jimbo la Kanada, nayo ni mbali, na baridi yake inaua. Tangu 1998 jimbo lile linateua wahamiaji wake lenyewe, halingoji wanaobakizwa na jiji kubwa la Toronto. Australia inampa alama 15 za ziada anayekubali kwenda kuishi nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane, na baada ya miaka mitatu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Sisi je? Nilikuwepo kituo kimoja cha afya siku daktari kijana alipofika kutoka Dar es Salaam, godoro juu ya pikapu, mke mwalimu ana mimba. Ufunguo wa nyumba hakuna aliyeujua ulipo. Uhamisho wa mke ulikuwa bado "unashughulikiwa". Wakalala kwa mhudumu. Miezi mitano baadaye pikapu ikarudi, na godoro lile lile. Hatukumpoteza kwa Kanada yule. Tulimpoteza kwa ufunguo.

Kabla hatujafungua maswali: yule dada mkunga yuko hapa, safu ya tatu, amejifunga kitenge cha bluu, na cheti amekuja nacho. Mganga Mkuu, baba yangu, nakuomba usiondoke kabla hujakiona.