Aliyefungwa Hawezi Kujiokoa: Safari za Mahabusu Nchini Marekani

Asanteni. Walioko nyuma sogeeni, viti vya mbele havina pingu.

Nchini Marekani jela ya kaunti mara nyingi iko chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye karibu kote huchaguliwa kwa kura. Askari wake ndio wanaompeleka mahabusu mahakamani au hospitali. Sisi tungesema karandinga. Wao mara nyingi hutumia gari dogo lenye kizimba cha chuma ndani.

Tukisikia usalama wa safari hizo, akili inakimbilia kutoroka. Na kweli watu hutoroka. Aprili 2022, katika kaunti ya Lauderdale, Alabama, afisa mwandamizi wa jela alimtoa Casey White, mshtakiwa wa mauaji, akidai anampeleka mahakamani kupimwa akili. Utaratibu ulitaka maafisa wawili. Alikwenda peke yake. Mahakamani hakukuwa na miadi yoyote. Simu moja tu ingefichua uongo ule, lakini nani angemhoji bosi? Walisakwa mpaka Mei 9, walipopatikana Evansville, Indiana.

Ila mimi kinachonikera zaidi ni upande wa pili. Ukishamfunga mtu, umemnyang'anya uwezo wa kujiokoa.

Tazameni pingu. Askari anayejua kazi hupitisha kidole kati ya chuma na kifundo cha mkono, kisha kwa kijipini kilicho kwenye ufunguo huifunga pingu mara ya pili, isizidi kukaza njiani. Halafu mkanda wa kiti. Hapo wengi hutegea, maana kumfunga mwenzako mkanda ni kuinama karibu na meno yake. Juni 2022 huko New Haven, Connecticut, gari la polisi, si la sherifu, lilifunga breki ghafla. Mtu aliyekuwa nyuma na pingu, bila mkanda, akarushwa mbele akapooza.

Kisha kuna hatari ya kunyanyaswa kingono njiani. Anayebeba mahabusu wa jinsia nyingine, ofisi nyingi humtaka ataje kwa redio saa na maili zinazosomeka kwenye dashibodi, anapoondoka na anapofika. Dakika zikizidi, ataulizwa. Utaratibu mzuri sana, na hauna gharama.

Sasa kaunti ya Horry, South Carolina. Septemba 2018, mafuriko ya kimbunga Florence. Askari wawili wa sherifu walikuwa wakiwapeleka wanawake wawili hospitali. Wala hawakuwa mahabusu. Walikuwa wagonjwa wa akili. Dereva akavipita vizuizi vya barabarani, akaingia majini. Gari likasukumwa likabanana na kingo ya chuma ya barabara, mlango ukagoma. Askari walitoka, wakaokolewa wakiwa juu ya paa. Wanawake wakazama wakiwa wamefungiwa ndani ya kizimba cha gari. Mwaka 2022 dereva alihukumiwa kifungo cha miaka 18.

Ndiyo maana nikikutana na mtu wa kazi hii simuulizi kwanza habari za bunduki. Namuuliza: mlango mmoja ukigoma, mtu wako anatokea wapi, na ufunguo anao nani?

Haya, maswali. Dada pale, anza wewe.