Mnaniuliza makombora kila siku, haya leo najibu

Mambo vipi wadau wa Dar. Kila nikipandisha video, hata ya kusonga ugali, lazima mtu aandike: "Kaka, makombora ya kruzi yakirushwa huko utakimbilia wapi?" Leo najibu. Kombora la kruzi ni lile linaloruka kama ndege, bila rubani, mpaka kwenye shabaha. Na kabla hamjasema naringa na London, nakaa chumba kimoja, bafu tunaligombania watu wanne.

Vita za sasa mnazifuatilia kuliko mimi, naziruka. Kuna daraja la treni Grove Road, napita chini yake nikienda kazini. Tarehe 13 Juni 1944 liliangukiwa na V-1 ya Wajerumani, wakafa watu sita. Huyo ndiye babu wa makombora ya kruzi: kindege kisicho na rubani, mzigo wa kilo 850 hivi za kulipuka. Puani kilikuwa na kipangaboi kilichozungushwa na upepo, kinahesabu umbali. Hesabu ikitimia, kindege kinainamisha pua chini na injini inazimika. Watu walisikia muungurumo, halafu kimya. Kile kimya ndicho kilichowakimbiza.

Tomahawk, kombora la kruzi la Wamarekani, ni habari nyingine. Inaruka chinichini, kama kilomita 880 kwa saa, huku inapima vilima na mabonde na kulinganisha na ramani iliyobebeshwa. Baadaye wakaiongezea GPS. Vitani ilianza Januari 1991, Iraq.

Na msiseme hayatuhusu. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani pale Dar ulilipuliwa, tukapoteza watu 11, Nairobi zaidi ya 200. Tarehe 20 Clinton akajibu kwa Tomahawk, Afghanistan na kiwanda cha dawa Khartoum. Kiwanda cha dawa, jamani! Ushahidi wa kukipiga unabishaniwa mpaka leo.

Tomahawk moja siku hizi ni kama dola milioni 2. Mimi hapa pauni 1,035 za huduma ya afya kwa kila mwaka wa viza zinanitoa jasho, na ada ya viza yenyewe iko pembeni. Kuna wakala alikula hela yangu ya fomu, kisha akadai cheti changu cha kuzaliwa kimefifia. Mama yangu akaanza kuhangaika na foleni huko, na miguu yake ile. Silalamiki, nawaeleza tu.

Kwa hiyo sikimbilii popote mpaka makaratasi yakamilike. Hayo ni yangu, wewe piga hesabu zako. Na nyie wa Mbagala mnaoandika "rudi nyumbani tu kaka", nitumieni nauli.